Chombo Kimoja, Mikono Miwili

Msomaji, ukitaka kujua kama jicho lako limefunzwa kutazama au limezoea kuona tu, jaribu kukihukumu kikombe cha namna hii. Udongo wake ulichimbwa Uchina. Kikafinyangwa Uchina, kikachomwa Uchina, kikapakiwa jahazini, kikavuka bahari kwa miezi mingi hata kikafika Ulaya. Huko Ulaya mtu ambaye hakupata kuiona Uchina maishani mwake alikichukua, akachora juu yake Wachina: watu wadogo wenye kofia zilizochongoka, wameketi chini ya miavuli, wanakunywa chai, na ndege wakubwa kuliko nyumba wanapita juu ya vichwa vyao. Kisha akakitia tanurini mara nyingine. Rangi ikashika, na kikombe kikauzwa ghali kuliko kwanza.

Je, kikombe hiki ni cha Kichina au ni cha Kizungu? Tena, mkono wa pili umekipamba au umekiharibu? Swali la kwanza ni jepesi, maana kikombe ni cha wote wawili. Swali la pili ndilo gumu, na ndilo linalotupasa kulijibu. Vikombe, sahani na mabirika ya jinsi hii vilitengenezwa kwa wingi katika karne ya 18, na vingi vimewekwa katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani. Apitaye upesi mbele ya kabati la kioo husema, "Ni vizuri," akaenda zake. Insha hii yakutaka usimame.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Lugha yetu ina majina mawili ya chombo cha aina hii. Twakiita sini, na jina hilo lataja nchi kilikotoka, kwa kuwa Waarabu huiita Uchina kwa jina la Sin. Twakiita pia kauri, na jina hilo ni la gamba dogo la baharini, gumu, laini na lenye kung'aa. Ajabu ni kwamba Waitalia walikiita porcellana, nalo lilikuwa jina lao la gamba lilo hilo, na kutoka kwao jina likaenea katika lugha nyingi za Ulaya. Hivyo watu waliokipokea chombo cha kigeni walikifananisha na kitu kizuri walichokwisha kukijua. Hiyo ndiyo tabia ya binadamu, wala si kosa. Kosa huja pale mfano unapokaa mahali pa kitu chenyewe.

Chombo cha sini hakifanywi kwa udongo wo wote. Katika mji wa Jingdezhen, ulio katika jimbo la Jiangxi, mafundi walichanganya udongo mweupe uitwao kaolini na jiwe maalumu lililopondwa hata likawa unga. Mchanganyiko huo ulichomwa kwa moto wa kiasi cha digrii 1,300 za Sentigredi. Katika moto mkali kama huo udongo na jiwe hushikamana, chombo kikawa kigumu, cheupe, chembamba hata mwanga waweza kupenya, nacho hulia kama kengele kikigongwa kwa ukucha. Padre mmoja Mfaransa, François Xavier d'Entrecolles, aliutazama ufundi huo kwa macho yake, akaueleza katika barua zake za mwaka 1712 na 1722. Aliandika kuwa aliambiwa chombo kimoja hupita katika mikono ya watu sabini kabla ya kukamilika. Hata katika kuchora kazi iligawanywa: mmoja alichora mstari wa ukingoni tu, mwingine alichora maua, na mwingine alijaza rangi. Ishike habari hiyo ya mikono sabini, kwa sababu tutairudia.

Ulaya ilikitamani chombo hicho kwa tamaa kubwa. Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1602, ilibeba mamilioni ya vyombo vya sini katika merikebu zake. Mtawala wa Saxony katika Ujerumani, August aliyeitwa Mwenye Nguvu, ambaye alikuwa pia mfalme wa Poland, alivikusanya kwa maelfu. Mwaka 1717 alimpa mfalme wa Prussia askari wapanda farasi 600, naye akapokea vyombo 151. Tafakari hesabu hiyo, msomaji: watu wanne kwa kila chombo kimoja, au karibu na hapo. Baadhi ya vyombo hivyo ni mitungi mikubwa ya rangi nyeupe na buluu, nayo hata leo yajulikana kwa jina la askari wale. Mtawala huyo huyo ndiye aliyemweka Johann Friedrich Böttger katika kifungo cha kazi, atafute siri ya udongo wa sini. Mwaka 1708 siri ikafumbuliwa, na mwaka 1710 kiwanda kikaanzishwa katika mji wa Meissen.

Walakini hata baada ya Ulaya kujifunza kufanya sini yake, vyombo vya Uchina viliendelea kuja, na wachoraji wa Ulaya waliendelea kuvitia rangi. Kwa nini? Sababu moja ilikuwa ni faida. Vyombo vyeupe na vya buluu vilifika kwa wingi, na bei yake ikawa nafuu. Vyombo vya rangi nyingi, hasa vile vya Japani, vilikuwa haba na ghali. Mwenye kununua chombo cheupe na kukitia nyekundu, kijani na dhahabu aliweza kukiuza kwa faida nzuri. Huko Uholanzi kulikuwa na mafundi waliozoea kupamba vyombo vya udongo vya Delft. Katika nchi za Kijerumani na Bohemia walikuwapo wachoraji waliofanya kazi majumbani mwao, nje ya viwanda, na wale wa Meissen hawakupenda kuwauzia vyombo vyeupe. Kwao, sahani ya Uchina ilikuwa msaada. Katika London alikuwapo James Giles, aliyeishi kati ya mwaka 1718 na 1780, ambaye karakana yake ilipamba vyombo vya Kiingereza na vya Kichina vilevile.

Sababu ya pili ilikuwa katika ufundi wenyewe. Rangi ya buluu ya Wachina huchorwa kabla ya chombo kuvikwa utando wake wa kioo, nayo huchomwa pamoja nao katika moto mkali. Haiwezi kufutika wala kuguswa. Lakini ziko rangi nyingine ambazo ni unga wa kioo, nazo hupakwa juu ya utando na kuchomwa kwa moto mdogo wa kiasi cha digrii 700 au 800. Moto huo hauyeyushi chombo. Hushikisha rangi tu. Kwa hiyo chombo kilichokwisha kamilika katika nchi moja chaweza kupambwa tena katika nchi nyingine, baada ya mwaka mmoja au baada ya miaka mia. Mlango huo ndio uliomwingiza mkono wa pili.

Sasa natuangalie alichokichora. Mtindo uliopendwa sana ulikuwa ule ambao Wafaransa waliupa jina la shinwazeri, yaani mambo ya Kichina. Jina hilo ladanganya kidogo, kwa kuwa mtindo huo haukuwa wa Wachina bali wa Wazungu waliokuwa wakiota Uchina. Mbegu yake moja ilikuwa kitabu cha Johan Nieuhof, aliyefuatana na wajumbe wa Uholanzi katika safari ya Uchina ya mwaka 1655 hadi 1657. Kitabu kilitoka Amsterdam mwaka 1665, kikiwa na picha nyingi za chapa. Nieuhof alikuwa ameiona nchi. Lakini picha zake zilipitia kwa wachongaji ambao hawakuiona, na baadaye wengine wakazinakili, na wengine wakanakili nakala. Kila aliyenakili aliongeza chumvi yake. Mwishowe mnara wa Kichina ukawa kama keki ya harusi, na Mchina akawa kama mwanasesere.

Katika picha hizo, Wachina hufanya nini? Huketi. Hupepewa. Huvua samaki pasipo haja ya samaki. Hutazama moshi wa birika. Hucheza na nyani, na huinamiana kwa adabu nyingi kupita kiasi. Ni nchi ya sikukuu isiyokwisha, isiyo na jembe, isiyo na jasho, isiyo na soko lenye vurugu. Na hapa, msomaji, ndipo penye jambo ambalo naona ni zito kuliko yote katika sanaa hii. Picha ya watu wasiofanya kazi imechorwa juu ya kazi ya watu sabini. Mchoraji alishika mkononi mwake ushahidi wa bidii ya Wachina: udongo uliopondwa, uliochujwa, uliofinyangwa, uliobebwa juu ya mbao mabegani mwa wachukuzi hadi tanurini, na uliolindwa usiku na mchana mbele ya moto. Uchina ya kweli ilikuwa chini ya kalamu yake. Naye aliifanya kuwa karatasi tupu, akachora juu yake Uchina isiyokuwako. Kikombe chasema neno moja, na picha yake yasema neno jingine, nacho kikombe ndicho chenye kusema kweli.

Wahenga walisema: nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Twaweza kuongeza kuwa hujui hata uzuri wake, kwani sifa za mtu asiyejua hukosea kama lawama zake. Wachoraji hawa hawakuwachukia Wachina. Waliwapenda kwa namna yao. Lakini kumpenda mtu uliyembuni mwenyewe si kumpenda mtu.

Je, basi tuvitupe vyombo hivi vyote? La, hasha. Hukumu ya haki hutazama chombo kimoja kimoja. Mimi nakupa maswali matatu ya kupimia. La kwanza: mkono wa pili ulikitazama kile ulichokikuta? La pili: uliuachia mkono wa kwanza nafasi ya kuonekana? La tatu: wasema nini juu ya watu walioutangulia?

Chukua kwanza kazi za Waholanzi wa nusu ya kwanza ya karne ya 18. Mara nyingi walichukua chombo cheupe cha Uchina wakakitia maua na ndege wa mtindo wa Japani uitwao Kakiemon. Chombo cha Mchina, ua la Mjapani, mkono wa Mholanzi! Waweza kucheka, lakini tazama kazi iliyo nzuri kati ya hizo. Wajapani wa mtindo ule hupenda kuacha sehemu kubwa ya chombo tupu, na Mholanzi mwenye kuelewa aliuacha weupe huo uonekane. Tawi moja lapita upande mmoja, ndege mmoja yupo chini yake, na pande nyingine zote ni ukimya mweupe. Hapo mkono wa pili umeutii wa kwanza, na mtu hupata kuona udongo ulivyo safi. Kazi kama hiyo yajibu vema maswali mawili ya mwanzo, na swali la tatu haliisumbui.

Mtazame sasa Ignaz Preissler, aliyefanya kazi katika mji wa Breslau na baadaye katika Bohemia, akichora vyombo vya kioo na vya sini kwa ajili ya jamaa ya makabaila wa Kolowrat. Rangi zake zilikuwa chache: nyeusi, nyekundu ya kutu, na dhahabu. Mstari wake ni mwembamba kama wa kalamu ya wino. Baadhi ya sahani alizopamba zilikwisha kuwa na mchoro wa buluu kutoka Uchina, naye hakuufunika. Alichora katika nafasi zilizobaki, akaiacha buluu iwe kama mpaka wa bustani, na yeye akawa kama mgeni aliyekaribishwa ndani yake. Ni ufundi wa heshima, na jicho hupumzika likiutazama. Lakini Wachina aliowachora ni wale wale wa ndoto. Basi tuseme yote mawili bila ya kuficha moja: uzuri wake ni wa kweli, na habari zake si za kweli. Msomaji asiyeweza kusema maneno hayo mawili kwa pumzi moja bado hajawa mhakiki. Mmoja ataona uongo, akakana uzuri. Mwingine ataona uzuri, akaumeza uongo pamoja nao.

Namna ya tatu ilienea zaidi katika karne ya 19. Wafanyaji biashara walichukua vyombo vya buluu na nyeupe, vilivyokwisha kuchorwa na Mchina hata vikatimia, wakavipaka nyekundu, kijani, manjano na dhahabu juu ya mchoro ule ule, ili vionekane vya thamani zaidi. Jani jekundu laanzia ndani ya jani la buluu na kuishia nje yake. Uso wa mtu umefunikwa nusu. Mto uliotulia katika buluu umekuwa bango la dukani. Ukipitisha kidole utahisi rangi ya juu imeinuka, na ukitazama kwa makini utaiona buluu chini yake, kama mtu anayesema huku mwingine anapiga kelele. Hapo maswali yote matatu yamekosa jibu jema. Hiyo si nakshi bali ni madhara, hata kama dhahabu iliyotumika ilikuwa safi.

Labda utaniambia kuwa Wachina nao walifanya vivyo hivyo. Ni kweli, na haki yataka tuseme. Mafundi wa Guangzhou walichora Wazungu juu ya vyombo vya kuuzwa Ulaya wakifuata picha za chapa, na nyuso za Wazungu hao mara nyingi zilikuwa za ajabu. Lakini sikiliza kisa cha Cornelis Pronk. Mwaka 1734 Kampuni ya Uholanzi ilimwajiri mchoraji huyo wa Amsterdam abuni michoro ya vyombo vya sini. Mchoro wake mmoja maarufu waonyesha bibi wa Kichina wa kubuni, ambaye mtumishi wake amemshikia mwavuli, nao wanatazama ndege. Mchoro huo ulipelekwa Asia, na mafundi wa Uchina wakatakiwa kuwachora Wachina kama Mholanzi alivyowaota. Wakafanya hivyo, kwa sababu aliyelipa ndiye aliyeamuru. Mchoro ulifika Japani pia, na huko mafundi waliwageuza mabibi hao wakawa wanawake wa Kijapani, wenye mavazi ya kwao. Gharama ilikuwa kubwa, na baada ya miaka michache mpango ukaachwa. Walakini kisa hiki chatufundisha kuwa picha ya uongo ikiwa na fedha nyuma yake huweza kumrudia mwenyewe aliyechorwa, akalazimika kujichora hivyo kwa mkono wake. Fundi wa Japani alipata njia ya kuisahihisha kimya kimya, na wengi hawakuipata.

Vyombo vya Uchina havikwenda Ulaya peke yake. Vilifika pia katika pwani yetu, karne nyingi kabla ya Pronk. Wazee wa pwani hii hawakuvitia rangi. Waliviweka katika vidaka vya kuta za nyumba zao, na mafundi wa chokaa walipachika mabakuli katika kuta na katika nguzo za makaburi, kama ionekanavyo Mambrui. Huo nao ulikuwa mkono wa pili. Bakuli la kulia chakula liligeuzwa kuwa pambo la maziara, jambo ambalo Mchina aliyelichora hakulitazamia. Lakini uso wa bakuli uliachwa vilevile, ukitazama nje, ukisema lugha yake ndani ya ukuta wa watu wengine. Sisemi hayo kwa majivuno, kwa maana mahali pengi mabakuli hayo yamebanduliwa na watu wa baadaye, na kilichobaki ni mashimo ya duara katika chokaa. Nasema tu kwamba mtu aweza kukifanya kitu cha mwenzake kuwa chake pasipo kukifunika.

Kwa nini mambo haya yakuhusu wewe, kijana uliye darasani? Kwa sababu kila siku wapokea kazi za mikono ya wengine, nawe wazitia rangi yako. Ukisimulia upya hadithi uliyoisikia kwa bibi yako, wewe ni mkono wa pili. Ukiifasiri habari kutoka lugha moja hadi nyingine, wewe ni mkono wa pili. Ukiandika insha juu ya watu wa wilaya ambayo hujapata kufika, umeketi mahali pale pale alipoketi Preissler, na kalamu yako huenda ni nzuri kama yake. Tena kumbuka kuwa watu wa Afrika wamechorwa mara nyingi na waliokaa mbali, wakachorwa wavivu juu ya vitu vilivyofanywa kwa jasho lao. Aliyeonja uchungu huo asimwandalie jirani yake.

Basi siku utakapokutana na chombo cha namna hii, ama katika nyumba ya makumbusho, ama katika picha ya kitabu, furahia rangi zake, kwa kuwa zilitiwa na mafundi. Lakini usiishie hapo. Chini ya kitako cha chombo cha sini huwapo duara nyembamba isiyovikwa utando wa kioo, ambapo udongo umebaki wazi kama ulivyotoka katika moto wa kwanza. Wajuzi hukipindua chombo wakatazama hapo kabla ya kutoa hukumu. Nawe ufanye hivyo kwa kila picha utakayoonyeshwa ya watu wengine: ipindue, uutafute udongo, uwaulize wale sabini habari zao.